Barabara Kwanza, Gari Baadaye: Kwa Wanaoanza Kuandika Mbio za Magari

Ndugu zangu mnaoanza kuandika hadithi za mbio za magari, hasa nyinyi wa huku Malindi, msianze na gari. Anzeni na barabara. Miswada mingi ninayoletewa hufungua kwa injini inayonguruma katika mji usio na jina, lami pana, tupu. Malindi lami hiyo haipo. Ipo Lamu Road, yenye tuktuk zinazokata kona bila ishara. Yapo matuta, upo mchanga ukingoni mwa lami, wapo mbuzi. Vitu hivyo ndivyo hadithi yenyewe. (Na jamani, msiniletee mbio za magari ndani ya mji wa kale wa Lamu! Vichochoro vile ni vya punda. Gari lako litaishia Mokowe, ng'ambo ya maji.)

Tuchukue njia ya kaskazini, ya kwenda Mambrui. Umevuka daraja la Sabaki, mbele huko Gongoni kuna malori ya chumvi. Ni usiku, gari linakwenda 120 kwa saa, yaani mita 33 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja kabla ya kukanyaga breki, mita 33 zimekwenda. Kusimama kabisa kwenye lami kavu kutataka kama mita 70 nyingine. Sasa lori linakuja mbele, naye ameshusha taa zake. Haoni mbali hivyo. Ng'ombe akiwa katika giza lile, breki pekee hazimwokoi: achague ng'ombe, lori au kichaka. Ukiyapanga haya sawasawa, huna haja ya kutuambia moyo ulimdunda.

Hesabu hiyo itakubana hata kwenye mazungumzo. Kilomita 10 kwa wastani wa 120 ni dakika 5, na vijana wengi humwacha dereva asimulie maisha yake tangu chekechea huku akipita malori. Mpe maneno matatu, au tusi moja.

Gari sasa. Chagua lile ambalo mhusika wako angelimudu. Kijana wa kupeleka miraa huenda akawa na Probox: injini ya lita 1.5, mwili mwepesi, haina makuu, na ikipakiwa mzigo nyuma breki zake hubadilika kabisa. Mwenye Subaru yenye turbo ana magurudumu manne yanayovuta, kwa hiyo kwenye mchanga atamwacha mwenye Mark X, ambayo kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma. Halafu Mark X karibu zote ni otomatiki. Mhusika "akakanyaga klachi" gani?

Kenya usukani uko kulia, basi gia hushikwa kwa mkono wa kushoto. Kosa hili hutoka kwenye filamu za Marekani na linaniudhi kuliko yote. Pia magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hudhibitiwa yasizidi 180 hivi, hivyo ukiandika 260 tueleze fundi alifungua nini.

Utafiti wake hauhitaji uvunje sheria. Keti kando ya dereva mchana, mjini mkienda 50 kama inavyotakiwa, uandike kila tuta, kila kona, kila duka lenye taa. Kisha msomee fundi wa gereji ukurasa wako, umwache akukatize.