Mwalimu Anajibu: Mafundi wa Firauni Walikula Nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Vitabu vyote nilivyosoma kuhusu Misri ya kale vinasimulia Firauni huyu na yule, vita vyao na dhahabu yao. Kuhusu fundi aliyechonga lile jiwe, sijui lolote. Alikula nini? Alilipwa? Au piramidi zilijengwa na watumwa, kama tulivyoambiwa shuleni?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimelingoja swali hili muda mrefu, kwa hiyo nivumilie.

Nianze na piramidi. Ile kubwa ya Giza ilijengwa enzi za Firauni Khufu, zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Mwaka 1990 makaburi ya wajenzi wenyewe yaligunduliwa jirani nayo. Mifupa yao ina migongo iliyochoka kwa mizigo, lakini pia ina mikono na miguu iliyovunjika ikaungwa na kupona sawasawa. Alikuwepo wa kuwatibu. Kisha mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf katika pwani ya Bahari ya Shamu, zikapatikana karatasi za mafunjo za msimamizi mmoja aliyeitwa Merer. Alikuwa na kikosi cha watu wapatao 40, na aliandika siku kwa siku jinsi walivyopakia mawe ya chokaa kwenye machimbo ya Tura na kuyafikisha Giza kwa mashua. Wengi wa watu hao waliitwa kazini kwa zamu, na sidhani wote walikuja kwa hiari. Lakini walilishwa, walitibiwa, na baadhi yao walizikwa kwa heshima karibu na mfalme wao. Picha ya mtumwa anayechapwa mjeledi mpaka anakata roho chini ya jiwe tuiache.

Sasa, ukitaka kuwasikia mafundi wakisema kwa maneno yao, twende kusini, Deir el-Medina, upande wa magharibi wa Nile, mkabala na Luxor ya leo. Wakati huo ni zaidi ya miaka 1,000 baada ya Khufu. Wafalme hawakujenga tena piramidi kubwa. Walizikwa katika makaburi yaliyochongwa ndani ya mwamba, kwenye Bonde la Wafalme. Mafundi waliochonga na kupaka rangi makaburi hayo walipewa kijiji chao, wakaishi humo wao na wake zao na watoto kwa karibu miaka 400. Kijiji kilikuwa jangwani, hakina kisima. Maji yalipandishwa kwa punda kutoka bondeni.

Watu hawa waliandika! Karatasi ya mafunjo ilikuwa ghali, kwa hiyo waliandika juu ya vigae vya vyungu na vipande vya mawe ya chokaa: madeni, barua, kesi, orodha za nguo za kufua. Vimefukuliwa kwa maelfu. Kimoja kiko katika jumba la makumbusho la British Museum, London, nacho ni daftari la mahudhurio la mwaka wa 40 wa utawala wa Ramesses II. Karani ameorodhesha mafundi 40 hivi, na juu ya siku walizokosa ameandika sababu kwa wino mwekundu. Huyu anaumwa macho. Yule ameng'atwa na nge. Mwingine anatengeneza pombe, mwingine ana maiti ya kutayarisha kwa maziko. Mimi daftari hilo linanigusa kuliko barakoa ya dhahabu ya Tutankhamun, wala sioni haya kusema hivyo.

Juma lao lilikuwa la siku 10. Patasi za shaba zilikuwa mali ya serikali, zikipimwa uzito zinapotolewa na zinaporudi, asije mtu akamega kipande.

Na malipo? Sarafu hazikuwepo. Posho ya mwezi ya fundi wa kawaida ilikuwa magunia 4 ya ngano na gunia moja na nusu la shayiri, na gunia lao lilibeba karibu lita 77. Nyapara alipata magunia 7 na nusu. Ngano ilikuwa ya mkate, shayiri ya pombe, na hivyo viwili ndivyo chakula cha kila siku. Juu yake serikali ilileta samaki, mboga, kuni na mafuta ya kujipaka.

Posho hiyo ndiyo iliyoleta mgomo. Katika mwaka wa 29 wa Ramesses III, karibu mwaka 1157 KK, nafaka ilichelewa. Mafundi waliweka zana chini, wakatoka kijijini, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu la Thutmose III, Firauni wa zamani. Wakubwa waliwabembeleza warudi; hawakurudi. Walisema wamefika hapo kwa njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga, na wakataka Firauni aandikiwe apate habari. Siku chache baadaye walipewa posho waliyokuwa wakidai. Ilipochelewa tena, waligoma tena. Habari hizi zimo katika karatasi iliyohifadhiwa Turin, Italia, na ndio mgomo wa kwanza duniani ambao maandishi yake tunayo.

SWALI: Mwalimu, wanawake wa huko waliruhusiwa kumiliki mali?

JIBU: Ndiyo, na kuirithisha watakavyo. Mama mmoja wa kijiji hichohicho, Naunakhte, alisimama mbele ya baraza mwaka wa 3 wa Ramesses V. Alisema yeye ni mwanamke huru wa nchi ya Firauni, amelea watoto wanane na kuwapa vyombo vya kuanzia maisha, na sasa amezeeka, wapo wasiomtunza. Aliyemsaidia atarithi, asiyemsaidia hapati kitu katika mali yake. Kwenye urithi wa baba yao hakuwazuia, kwa kuwa huo haukuwa wake. Mwana mmoja aliongezewa na mama huyo bakuli la shaba. Baadaye mumewe na watoto walirudi barazani wakatamka kwamba wosia huo utafuatwa kama ulivyo.