Kuchanika kiwiko siyo mwisho, muulize Tommy John

Kwa aliyeuliza kama mrushaji mpira wa besiboli akichanika ligamenti (mshipa unaoshikanisha mifupa) ya kiwiko ndo kwisha habari yake, hapana bana, mcheki Tommy John. Jamaa ni mashoto, kaanza ligi kuu Marekani 1963, sasa 1974 yuko timu ya Dodgers mambo yamemnyookea kweli, kashinda mechi 13 kapoteza 3 tu, mara mkono ukagoma katikati ya mechi. Enzi hizo ukiumia hivyo unatafuta kazi nyingine. Dokta Frank Jobe akatoa kano (mshipa unaounganisha msuli na mfupa) kwenye mkono wa kulia wa Tommy akaipachika kiwiko chake cha kushoto mahali pa ligamenti iliyochanika, na Jobe mwenyewe alimpa nafasi moja kwa mia ya kurudi, yaani fikiria unakubali kupasuliwa kwa hesabu hizo! 1975 yote akakaa nje, 1976 huyo uwanjani, baadaye kwenye misimu mitatu tofauti akafikisha ushindi 20 na zaidi kila msimu, akaja kustaafu 1989 ana miaka 46. Jumla alishinda mechi 288, na 164 kati ya hizo ni baada ya operesheni, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Ila subira inahitajika, hata sasa warushaji wengi hukaa nje mwaka na zaidi.