Nimepiga Mint, mwenzangu kaweka FreeBSD, sasa hatuelewani

SWALI: Habari kaka. Mi nina steshenari hapa Mtwara mjini, tuko wawili na rafiki yangu wa tangu shule. Kompyuta za wateja zote nimepiga Linux Mint, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, yeye kwenye seva ya kutunzia kazi za wateja kaweka FreeBSD, mfumo mwingine wa bure, na hataki kusikia kingine. Basi kila siku ni ugomvi, yeye anasema Linux ni viraka vimeshonwashonwa, mi namwambia FreeBSD yake haishiki hata waifai ya laptopu yake mwenyewe, juzi kuna mama kaja kuprinti fomu za mwanae kasubiri weee tunabishana tu mpaka kaondoka zake. Hivi nani yuko sahihi?
Pengwini, Chikongola

JIBU: Pengwini, kwanza huyo mama mtafuteni mumprintie bure.

Afu wote mko sahihi, shida ndo hiyo. Waifai ni kweli, laptopu nyingi FreeBSD inazisumbua upande wa draiva, yaani programu za kuendeshea vifaa kama waifai. Ila na mwenzio ana hoja, FreeBSD kiini (ile sehemu ya ndani kabisa inayoongoza kompyuta) na programu za msingi zinatunzwa na timu moja tangu 1993, wakati Linux yenyewe ni kiini tu alichokianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, vingine vinatoka kwa watu wengine kabisa na kila distro, yaani mfumo kamili kama Mint, inajipikia kivyake. Anaita viraka, sawa, lakini bila hivyo viraka Mint usingeipata.

Sasa nikuulize, ukiwa kaunta unaingiaje kwenye seva yake? Nadhani unafungua teminali unaandika ssh, ile amri ya kuingia kompyuta nyingine kupitia mtandao. Programu ya hiyo amri iliyomo kwenye Mint yako, OpenSSH, imetoka kwa watu wa OpenBSD mwaka 1999, ndugu wa damu wa hao unaowasema kutwa. Na yeye asijitape, akitaka FreeBSD yake imuonyeshe madirisha vizuri kwenye kadi ya picha ya Intel au AMD anatumia draiva zilizochukuliwa Linux zikarekebishwa. Diski zake kama kaziweka kwenye ZFS, ule mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, ndo kabisa, tangu OpenZFS 2.0 ya mwaka 2020 msimbo wake wa Linux na wa FreeBSD unatunzwa pamoja. Yaani mnanuniana huku mikono yote iko kwenye sinia moja.

Mkitaka kubishana bishaneni leseni, hapo angalau pana nyama. GPL ya Linux inasema ukirekebisha kiini ukakigawa, na msimbo wako uutoe, ila ya BSD inakuachia hata ukiufungia kabatini, ndo maana Sony walichukua FreeBSD wakajengea mfumo wa PlayStation 4 bila kulazimika kuonyesha kila walichoongeza. Mi niko upande wa GPL, mwenzio najua atanuna.

Huku kwetu kusini mtani anakusema mpaka ndugu zako wanacheka, ila ukifiwa anafika mapema kuliko shemeji zako. Tanianeni hivyo. Ila kumpigia mtu mfumo ambao hajakuomba huo sio utani tena, na nasema hivi kwa sababu yalinikuta, nilikuwa Lindi likizo nikaikuta laptopu ya mama mdogo inajivuta, nikaona nimfanyie sapraizi, nikafomati nikapiga Linux safi kabisa inakimbia. Picha za harusi ya binti yake zilikuwa desktopu. Mpaka leo nikienda pale naandaliwa chai, maandazi siyaoni.

SWALI: Mi mwalimu niko Lindi, wanafunzi wananiuliza waanze na upi?
Mwl. wa Rasbura

JIBU: Mwalimu shikamoo. Pakia Mint kwenye flashi, inawaka hapohapo bila kugusa diski, wachezee wanavyotaka afu unachomoa. FreeBSD mtafutie kompyuta moja kuukuu ya stoo ambayo haina kitu cha mtu, na wa kuipiga wawe wao wenyewe, wewe kaa pembeni.