Kwa mwanangu: kuhusu ile kazi ya Atlanta

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia tena usiku nyumba ilipotulia. Unasema umepata kazi hapo Atlanta, ya kuandikisha wapiga kura katika mitaa ya Weusi, na mshahara wenyewe unatoka kwa wakfu wa matajiri. Rafiki yako akakuonya mara mbili: kwamba pesa za tajiri hazijawahi kuleta haki, na kwamba ubaguzi wa huko ni ugomvi wa wenyewe, wewe Mkenya ulienda kutafuta maisha tu. Ukaniuliza, "Mama, nikubali?"

Kubali. Ila hilo la kwanza usilipuuze. Sisi tunazijua pesa za uchaguzi: leso, pakiti ya unga, shilingi mia mbili, kisha miaka mitano humwoni mtu.

Vijana wa SNCC, ile kamati ya wanafunzi waliogomea ubaguzi kwenye mikahawa ya Kusini, walibishania jambo hilohilo Agosti 1961 kwenye shule ya Highlander, Tennessee, nusura wagawanyike. Serikali ya Kennedy iliwataka waelekee kwenye kuandikisha wapiga kura, na pesa za wafadhili zilikuwa njiani. Baadhi yao waliona wananunuliwa ili waache maandamano. Ella Baker, aliyewazidi umri na aliyewasaidia kuunda kamati hiyo, akawashauri wafanye yote mawili. Mwaka uliofuata mradi wa Voter Education Project ukaanzishwa hapohapo Atlanta, kwa fedha za wakfu za Taconic, Field na Stern.

Sasa angalia yaliyotokea Mississippi. Mtu Mweusi akienda kujiandikisha, karani alimpa kifungu cha katiba ya jimbo akinakili na kukifafanua, na karani huyohuyo ndiye aliyeamua kama amefaulu. Kisha jina lake lilichapishwa gazetini kwa wiki mbili, mwajiri wake alione. Mama mmoja Mweusi, Fannie Lou Hamer, alikwenda kujiandikisha mjini Indianola tarehe 31 Agosti 1962. Siku hiyohiyo akafukuzwa kwenye shamba la pamba alilolifanyia kazi miaka 18. Mahali kama hapo utaandikisha wangapi? Mwishoni mwa 1963 mradi ukasitisha pesa za Mississippi, kwa kuwa zilizotumika zilikuwa nyingi na walioingia kwenye daftari wachache mno. Kila nikisoma habari hiyo nakasirika. Watu walipigwa risasi na kuchomewa makanisa kwa ajili ya karatasi ile, halafu wakapimwa kwa idadi ya karatasi.

Lakini kazi haikufa, kwa sababu waliokuwa wakiwalisha na kuwalaza wale vijana ni wenyeji. Novemba hiyo ya 1963 walikuwa wameandaa kura yao wenyewe, makanisani, madukani na kwenye saluni, na watu karibu 80,000 wakaipiga kuonyesha kwamba wanaitaka. Kabla ya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya Agosti 1965, Weusi walioandikishwa Mississippi hawakufika asilimia 7. Kufikia 1967 walikuwa karibu asilimia 60.

Ningependa umjue pia Georgia Gilmore, mpishi wa Montgomery, Alabama. Watu walipogomea mabasi kwa siku 381, mwaka 1955 hadi 1956, yeye na wanawake wenzake walipika, wakauza keki na sandwichi, na kila wiki wakapeleka pesa za petroli ya magari yaliyobeba watu kazini. Kikundi chao kiliitwa Club from Nowhere, yaani kisichotoka popote, ili mama anayefua kwa Wazungu achange bila kujulikana akafukuzwa. Mimi niliyekaa kwenye chama cha kuchangishana miaka yote hii nawaelewa kabisa akina mama hao. Aliyetoa senti zake haulizi ripoti ya matokeo. Anakuja mkutanoni mwenyewe.

Kuhusu ugomvi wa wenyewe, mwambie rafiki yako hivi. Mwaka 1959 Tom Mboya alipopeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege, barua ya kuwaombea nauli ilitiwa saini na Weusi watatu wa huko: mchezaji besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Mwaka 1964 Belafonte na Poitier wakawapelekea wenyewe vijana wa SNCC dola 70,000 taslimu huko Greenwood, Mississippi, watu wa Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, wakiwafukuza barabarani. Na sheria ya uhamiaji iliyofuta mgao wa zamani uliowapendelea Wazungu wa Ulaya ilitiwa saini Oktoba 1965, miezi miwili tu baada ya ile ya kura. Wewe umeingia kwa sheria hiyo. Walituchangia kabla wewe hujazaliwa.

Kwa hiyo kabla hujatia saini mkataba, waulize mambo matatu. Mtapimwa kwa idadi ya fomu peke yake? Kwenye bodi kuna wakazi wangapi wa mitaa hiyo? Na mfadhili akiondoka, ni nani mtaani atakayeendelea kuchanga na kugonga milango? Soma pia sheria ya uchaguzi ya 2021 ya jimbo lenu la Georgia: kumgawia maji mpiga kura aliye kwenye foleni karibu na kituo ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani, na wewe nakujua ukiona mzee amesimama juani.

Wakikujibu, nitumie majibu yao yote, hata yale yasiyokupendeza.

Mamako akupendaye