Mwaka mmoja wa ukatibu wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu, jinsi ulivyokwenda kweli

Wa alaykumu salaam, akhy. Umesema umechaguliwa katibu wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu chuoni kwenu, amiri, yaani kiongozi wenu, kakupa wiki mbili umletee ratiba ya shughuli za mwaka, na kwenye faili umekuta karatasi moja tu imeandikwa "Ramadhani, Idd, mahafali". Nimecheka, maana na mimi nilikabidhiwa karatasi ya namna hiyohiyo. Nilikuwa katibu mwaka mzima, na kwa miezi kadhaa nikashika na hazina, kwa kuwa mweka hazina wetu aliahirisha masomo na shura, baraza letu la viongozi, ikaona kalamu iko mkononi mwangu tayari. Nitakueleza mwaka ulivyokwenda. Ulivyopangwa ni habari nyingine.

Usianze na orodha ya shughuli. Chukua kalenda ya chuo, itandaze mezani, halafu kalenda ya Hijria uilaze juu yake. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka. Ndiyo maana ratiba ya katibu aliyekutangulia haikufai, hata kama alikuwa hodari namna gani. Kwake Ramadhani iliangukia likizo, kwako huenda ikaja katikati ya majaribio. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, mwezi wa kwanza na tena mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Namhurumia atakayekuwa mweka hazina mwaka huo.

Sisi tulipozilaza kalenda mbili tuliona Idd el-Fitri inagota kwenye wiki ya kwanza ya mitihani. Tukaandika barua mapema, miezi miwili kabla, tukaomba siku mbili zisipangiwe mtihani. Jibu likaja kwamba tutaje siku moja. Tukarudi na barua ya pili kueleza habari ya mwezi kuandama, kwamba Ramadhani ina siku 29 au 30 na hakuna anayejua mpaka jioni yenyewe. Hatukupewa siku mbili, ila tulipewa ahadi kwamba atakayekuwa na mtihani siku ya Idd atafanya wakati mwingine, na ilitekelezwa. Barua hiyo iandike kabla hujafikiria jambo lingine lolote. Ukingoja mpaka Ramadhani iingie umechelewa.

Mwanzo wa mwaka ni kupokea wageni. Hapo sitakaa sana. Simameni karibu na mahali pa usajili, waelekezeni chumba cha kuswalia kiko wapi, choo cha kutawadhia kiko wapi na kibla kiko upande gani, basi. Tulitayarisha na semina elekezi ya saa nne yenye wazungumzaji watano, na mpaka leo sijakutana na mtu anayekumbuka hata mmoja alisema nini. Wanachokumbuka ni nani aliwabebea begi.

Sasa darsa, yaani somo la dini la kila wiki, na hapa naomba unisikilize vizuri. Darsa yetu ilikuwa Jumanne baina ya Magharibi na Isha. Nilikuwa na daftari la mahudhurio, nimelipigia mistari kwa rula kabisa. Jumanne ya kwanza majina 41. Ya pili 30 na kitu. Ya tano majina saba, na mmoja katika hao saba ni mimi niliyeshika daftari. Nilimfuata ustadhi nikamwambia labda tuisimamishe tujipange upya. Akaniuliza, "Hao sita wengine wamekukosea nini?" Akaendelea kufundisha. Tulikuwa tunasoma Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qur'ani, sura 37, tukianzia An-Naas kupanda juu, tajwidi (kanuni za kutamka na kusoma) kidogo na tafsiri kidogo. Alikuwa akimsikiliza mtu mmoja mmoja, anamrudisha kwenye herufi ileile mara kumi bila kupandisha sauti. Kuna kijana mmoja wa mwaka wa kwanza ambaye herufi za Kiarabu ح (ha ya kooni) na ه (ha nyepesi) kwake zilikuwa kitu kimoja. Ikafika Jumanne moja akaitoa ح sawasawa kwenye "Al-hamdu", chumba kizima, watu saba, tukapiga takbira. Yule kijana ndiye aliyekuja kuwa amiri miaka miwili baadaye. Ukihesabu, nusu ya shura iliyotufuata ilitoka kwenye ule ukurasa wa majina saba.

Kwa hiyo kwenye ratiba yako, shughuli ya kwanza kuandikwa iwe ile ya kila wiki, na uiandike kama jambo lisilofutwa, mvua inyeshe, mitihani ije. Kongamano linaleta watu siku moja. Mtu anayepata msiba au anayetaka kuacha chuo halingojei kongamano, anakwenda pale anapojua kwamba Jumanne kuna watu.

Ijumaa ina mambo yake. Ikiwa msikiti wa mjini uko mbali na vipindi vinabana, mtataka kuswali chuoni, na hapo fiqhi, elimu ya sheria za ibada, itabisha hodi. Katika madhehebu ya Shafi inatakiwa idadi ya watu 40, Hanafi wao wanatosheka na imamu na watatu. Sisi siku nyingine tulikuwa 50, siku za majaribio 25. Wapo walioona waswali na Adhuhuri baada yake kwa tahadhari, wapo walioona hiyo ni bidaa, uzushi katika dini, na mnong'ono ukaanza kwenye viatu huko mlangoni. Tulichofanya ni kumleta sheikh mmoja anayekubalika na pande zote, akazieleza kauli zote mbili, akaondoka bila kutoa hukumu ya nani kakosea. Anayeswali Adhuhuri aswali, anayetoka atoke. Jambo jingine, khutba iwe fupi. Watu wana kipindi saa nane, na khatibu mwanafunzi akipewa mimbari mara ya kwanza anataka kusema yote aliyowahi kusoma tangu madrasa. Mpe dakika 15 na mtu wa kumwonyesha saa.

Ramadhani ndiyo ilinizeesha. Mzozo wa kwanza ni rakaa za tarawehe, swala ya usiku wa Ramadhani, 8 au 20. Tulikaa shura mbili kwa hilo, nikaandika muhtasari wa kurasa sita ambao sasa naona aibu kuusoma. Mwisho dada aliyekuwa naibu amiri, ambaye muda wote alikuwa kimya, akasema imamu aswalishe 20, wanaotaka 8 watoke baada ya ya nane wakaswali witri yao, ile swala ya kufungia usiku, na mlango wa nyuma uachwe wazi ili wasipite mbele ya safu. Imekwisha. Na hapohapo nikuambie, usiwaandikie akina dada ratiba ukiwa chumbani kwako. Sisi tulipanga daku ya pamoja saa kumi alfajiri bila kujua kwamba mabweni yao yanafungwa usiku. Hawakuja hata mmoja, na sisi tukakaa kulalamika eti dada hawana mwamko.

Futari fanyeni, lakini hesabu ya watu msiitoe kwenye kundi la simu. Waliojiandikisha ni 60, waliokaa kwenye mkeka siku ya kwanza ni zaidi ya 100. Tuliokoka kwa tende na maji, na baadhi ya viongozi tulifuturu kwa hivyo tu mpaka saa tatu usiku. Ila nilifurahi kuona kwamba karibu kila aliyezidi alikuwa ameletwa na mwenzake wa chumbani, na wengine hawakuwa Waislamu. Walikaa, wakauliza maswali, wakasaidia kukunja mikeka. Tulikuwa tumetenga wiki nzima ya da'awa, yaani kuwalingania watu dini, baadaye mwakani, na vipaza sauti na meza ya vitabu, na sidhani kama wiki ile yote ilifika nusu ya jioni ile.

Sasa aibu yangu. Tulikusanya zakatul-fitri, ile zaka ya mwisho wa Ramadhani ya kuwapa maskini, kwa wanafunzi 63, kila mmoja thamani ya pishi moja ya nafaka. Fedha ziko kwangu, ndani ya bahasha, kabatini. Siku ya 27 wenye viti na turubai za Baraza la Idd wakataka malipo ya awali, na sanduku la Ijumaa lilikuwa tupu. Nikajiambia nichukue kwenye bahasha kidogo, michango ya baraza ikiingia siku ya 30 nirudishe. Nilipiga hesabu ya mwezi wa siku 30. Hata sikujua kwamba nimepiga hesabu.

Usiku wa kuamkia 30 safu za tarawehe zimeshapangwa, imamu anageuka kunyoosha watu, mtu akasimama mlangoni na simu mkononi akasema, "Umeandama." Watu wakacheka, wakakumbatiana, takbira zikaanza. Mimi miguu ikaniishia nguvu, nikakaa chini pale pale kwenye mkeka. Zakatul-fitri inatakiwa imfikie mwenye haki yake kabla ya swala ya Idd, na robo ya fedha za watu 63 ilikuwa imegeuka viti.

Nilimwambia amiri palepale, bila kupamba. Hakunigombeza, ingawa uso wake ulinitosha. Tukagawana mabweni, tukagonga mlango kwa mlango kukopa. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho, ambaye tulikuwa tukimsema haji darsani, akatoa alichokuwa nacho chote cha nauli ya kurudi kwao, akasema nitamrudishia nikipata. Saa tano usiku tulikuwa dukani kwa mtu tuliyemwamsha, tunapima nafaka kwa taa ya simu. Familia ya mwisho tuliifikishia baada ya Alfajiri, mama mwenye nyumba akitushangaa tulivyochafuka unga kwenye kanzu. Kisha tukakimbia kuswali.

Baada ya hapo shura ikaamua zakatul-fitri isikae kwa mtu mmoja, iwe na bahasha yenye saini tatu, na ianze kutolewa siku mbili kabla ya Idd. Na mimi nilikwenda kwa kila niliyeweza kumpata katika wale 63 nikamweleza. Wengi walisamehe kwa kucheka. Wawili hawakucheka, na walikuwa na haki.

Baada ya Idd, jumuiya inalala. Usishangae. Chumba kilichokuwa kikifurika kinabaki na mikeka. Sisi tuliokoa kidogo kwa zile funga sita za Shawwali, tukawa tunafuturu pamoja Jumatatu na Alhamisi, watu kumi, kumi na wawili, kila mtu na chakula chake. Dhulhija na siku ya Arafa ilitukuta kwenye mitihani, tukakumbushana tu. Muharram ikatukuta likizo. Sioni haja ya kulazimisha shughuli kila mwezi eti ratiba isionekane tupu.

Mahafali, yaani kuwaaga wanaohitimu, tuliifanya kubwa mno, hotuba juu ya hotuba. Kumbe kazi halisi ya siku ile ni daftari la majina na namba za wanaoondoka. Tazama wenzetu: jumuiya ya wanafunzi Waislamu ya Marekani na Kanada ilianzishwa mwaka 1963 na wanafunzi waliokutana Chuo Kikuu cha Illinois, pale Urbana-Champaign, na miaka ya mwanzo ya 1980 ikazaa ISNA, Jumuiya ya Kiislamu ya Amerika Kaskazini, kwa ajili ya watu ambao ujana wa chuo umeshawapita. Sisi tuliwapa wahitimu wetu vyeti na picha, tukawapungia mkono. Mwaka uliofuata tulipotafuta wa kuchangia mikeka mipya, namba tulizokuwa nazo zilikuwa nne, mbili hazipatikani. Moja kati ya mbili zilizobaki ni ya yule ndugu wa nauli. Nilikuwa nimeshamrudishia fedha zake, na bado alituma ya mikeka kumi.

Ukimaliza rasimu yako ilete tuipitie. Ila kabla ya hapo nijibu mambo mawili: Ramadhani yenu inaangukia wiki ya ngapi ya muhula, na ni nani mwingine, zaidi yako, ana ufunguo wa chumba cha darsa?