Pumzi ninayo, miguu ndo inanigomea

SWALI: Kocha shikamoo. Huu ni mwezi wa pili tangu nianze kukimbia, lengo nifike kilomita 10 bila kusimama. Pumzi wala sio ishu, nilikuwa nacheza mpira zamani. Shida miguu. Nikigusa kilomita ya 3 tu vigimbi vinakaza, mapaja yanakuwa kama yamejazwa mchanga. Juzi nimemaliza hizo 3 kwa dakika 14 na nusu afu nikarudi natembea, na leo kushuka ngazi nashuka huku nimeshika ukuta. Jamaa mmoja ananiambia ni asidi imejaa kwenye misuli, nipige skwati 100 kila siku itaisha. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili na zote nimekwama palepale, kwenye hiyo dakika 14 na nusu. Piga hesabu, hiyo ni dakika 4 na sekunde 50 kwa kila kilomita, mtu wa mwezi wa pili! Hapo hujafanya jogingi, umeshindana, na sijui ulikuwa unashindana na nani. Unasema pumzi sio ishu, sawa, ila niambie ukweli, ile dakika ya 10 ungepigiwa simu ungeongea sentensi nzima bila kukatakata? Kama jibu ni hapana basi spidi imekuzidi, hata kama kifua hakikulalamika.

Iko hivi. Misuli ya mguu ina nyuzi za aina mbili kubwa, kuna zile za polepole ambazo zinaweza kupiga kazi muda mrefu, na kuna za nguvu ambazo zinakula akiba yao ya sukari fasta na kuchoka fasta. Ukienda taratibu mzigo mwingi unabebwa na zile za kwanza, ukikanyaga mafuta tu zile za pili nazo zinaitwa kazini na hazina muda mrefu, ndo huo mchanga unaousikia mapajani. Na mpira ulikudanganya kidogo, maana kwenye mpira unachomoka, unasimama, unatembea, unachomoka tena. Miguu yako inajua hiyo kazi ya vipandevipande, kwenda nusu saa mfululizo haijawahi kufundishwa.

Sasa inafundishwaje, kwa kwenda taratibu mara nyingi. Wiki zikipita vimishipa vidogo vya damu vinaongezeka kuzunguka nyuzi za misuli, na mitokondria, yaani vile vijiwanda vya nguvu ndani ya seli, navyo vinaongezeka, kwahiyo mguu uleule unatumia hewa vizuri zaidi. Hakuna njia ya mkato hapo na wala hutakiwi kumaliza ukiwa hoi.

Halafu kuna kitu wengi hawaambiwi. Moyo unazoea mapema, ndani ya wiki chache unajiona mtu mwingine. Kano na mifupa vinakuja nyuma kabisa, vinahitaji miezi. Hebu chukulia unapiga hatua 160 kwa dakika, dakika 30 ni hatua 4800, maana yake kila mguu umetua mara 2400, na kila ukitua unapokea mzigo wa kama mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni kilo 140 na kuendelea, mara 2400! Kwahiyo wewe mwenye pumzi ya mpira uko kwenye hatari kuliko yule anayehema kama mbwa, yeye pumzi itamsimamisha kabla hajajiumiza, wewe huna breki.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Siku 3 kwa wiki, usiziunganishe. Tembea dakika 5, afu kimbia dakika 3 tembea 1, rudia mpaka zifike dakika 25 au 30. Kukimbia kwenyewe kuwe kwa dakika 7 kwa kilomita au hata zaidi, ndio, utajisikia mjinga, watu watakupita, waache wapite. Kila wiki ongeza kidogo kile kipande cha kukimbia, na siku moja kati ya hizo 3 iwe ndefu kuliko zingine. Wiki ya nne punguza, mwili upumue. Kuongeza spidi na umbali kwa pamoja hapana, chagua kimoja, na kwa sasa ni umbali.

Asidi: huyo jamaa msamehe, ni hadithi ya zamani. Hiyo inayosingiziwa inaondoka kwenye misuli ndani ya saa moja hivi ukishapumzika. Maumivu ya siku ya pili ni misuli iliyochanika vijichaniko vidogo sana, hasa ile kazi ya kujizuia wakati wa kutua au kushuka mlima. Yanaisha yenyewe, tembeatembea tu.

Skwati 100 kila siku sizitaki, utaenda kukimbia na mapaja yaliyokwisha kuchoka. Mara 2 kwa wiki inatosha, na kabla ya skwati anza na vigimbi. Simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya wayo, kisigino kining'inie, panda juu, afu shuka ukihesabu moja, mbili, tatu, taratibu. Mara 12, pumzika, rudia seti 3. Afu fanya tena goti likiwa limekunjwa kidogo, hapo ndo unaupata ule msuli wa ndani ya kigimbi ambao kwenye mbio ndefu unafanya kazi kubwa mno na watu wanausahau. Ukiona miguu miwili imekuwa rahisi, hamia mguu mmoja, utanikumbuka.

SWALI: Kocha mimi mfupa wa muundi unauma nikikimbia, kwa ndani. Niendelee au niache?

JIBU: Dada, pitisha kidole kwenye muundi. Kama panauma eneo refu, kama urefu wa kiganja hivi, mara nyingi ni kuzidisha mazoezi, punguza umbali na spidi, pumzika siku kadhaa, fanya yale mazoezi ya vigimbi niliyomwambia mwenzako hapo juu. Ila kama ni sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, au panauma hata umelala, au kuruka kwa mguu huo huwezi, acha kukimbia leo na umuone daktari, mfupa unaweza kuwa na ufa. Na ukipigwa eksirei ikaonekana safi wiki za mwanzo usishangilie bado, ufa wa namna hiyo mara nyingi unachelewa kuonekana kwenye picha, mwambie daktari kama maumivu yanaendelea.

SWALI: Sina muda wa kukimbia, kupanda ngazi kazini kunatosha?

JIBU: Kwa mapaja na pumzi ni kuzuri sana. Kwa kukimbia hakutoshi, kwenye ngazi hakuna kule kutua na kurushwa tena ambako kano ya kisigino inatakiwa ikuzoee. Pata hata dakika 15 mara 2 kwa wiki za kukimbia kwelikweli, ngazi ziwe nyongeza.