Jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu mumewe na bastola ya Jumapili

Dada, asalaam aleikum. Umesema mume wako ana bastola yenye leseni, na kila Jumapili baada ya alasiri huingia chumbani, huifungua vipande vipande, huipangusa, kisha hukaa nayo mkononi akiitazama hata saa nzima. Mna mwaka wa pili katika ndoa na hujui kama hilo ni jambo la kawaida au uanze kuogopa. Naona wengine washakwambia umhame. Mie nitakujibu kwa urefu, kwa sababu huyo mume unayemweleza ndiye mimi. Huu ni mwaka wa kumi na moja nina bastola. Naishi Tudor hapa Mombasa, duka langu la vifaa vya ujenzi liko Kongowea, na mke wangu aliwahi kuniuliza swali hili hili lako.

Kuna jambo sisi wenye silaha huona haya kulitamka: tunazipenda. Tulipokwenda kuomba leseni tulisema ni kwa usalama, na hatukudanganya. Mimi nilivamiwa dukani wakati wa kufunga hesabu, nikawekewa panga shingoni mbele ya vijana wangu wawili. Lakini usalama hauelezi ile saa nzima ya Jumapili. Kufuli la mlango pia ni la usalama, na hakuna mtu anayekaa akilitazama.

Marehemu baba alikuwa seremala. Kila Alhamisi usiku alizitoa randa na patasi zake, akazipaka mafuta, akazipanga juu ya kitambaa cheupe, akakaa kuzitazama huku kahawa inapoa. Patasi nyingine hakuitumia mwezi mzima lakini ilipata zamu yake. Ndiye aliyenipeleka Fort Jesus mara ya kwanza, nikiwa na miaka minane, akanisimamisha mbele ya mzinga wa Königsberg, ile manowari ya Kijerumani iliyoangamia kwenye delta ya Rufiji mwaka 1915. Aliushika ule mzinga akaniambia, "Tazama chuma kilivyochongwa." Hakunisimulia vita. Alikuwa anaangalia kazi ya mikono ya watu, na mimi nikarithi jicho hilo.

Bastola yangu ni Ceska, CZ 75. Waliibuni ndugu wawili, Josef na František Koucký, huko Czechoslovakia, ikatoka mwaka 1975. Ni chuma kitupu, karibu kilo moja bila risasi, sawa na pakiti ya sukari, ila uzito wote umejikusanya kiganjani. Katika bastola nyingi slaidi, yaani ile sehemu ya juu inayoteleza mbele na nyuma, hupanda juu ya fremu, yaani mwili wenye mpini, na kuikumbatia kwa nje. Hii yangu slaidi hupita ndani ya fremu, kama droo ndani ya kabati. Ukiivuta haitikisiki kushoto wala kulia. Baba angeielewa papo hapo: ni droo iliyorandwa na fundi anayejiheshimu, ile ambayo ukiisukuma unasikia hewa ikitoka nyuma yake. Ukimwona mumeo anaivuta slaidi polepole, anairudisha, anaivuta tena, jua pengine ndicho anachokisikiliza.

Halafu kuna Mombasa yenyewe. Nafikiri watu wa bara hawawezi kulielewa hili. Hapa kwetu chuma hakipumziki. Wajua mwenyewe bawaba za madirisha zinavyoliwa, pasi, majiko, baiskeli za watoto. Ile hewa ya chumvi huingia hadi ndani ya sefu. Mwaka wangu wa tatu nilikwenda Muscat kwa ndugu zangu wiki sita, nikaiacha bastola kwenye sefu, na kwa ujinga nikaiacha ndani ya ala yake ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu ikauhifadhi. Niliporudi, ubavu wa kulia wa slaidi ulikuwa na kutu ya rangi ya chungwa, na katikati yake kulikuwa na alama ya kidole gumba changu, mistari yote ikionekana, kama ile ya kuombea kitambulisho. Jasho la kidole kimoja, siku niliyoondoka, lilitosha kuanzisha kutu. Niliisugua siku mbili nzima na bado kuna kivuli chake hadi leo. Tangu hapo nikisafiri muda mrefu naikabidhi kituo cha polisi, nikirudi naichukua. Na tangu hapo kila Jumapili ni ya mafuta, hasa miezi ya kusi wakati kila kitu nyumbani kina unyevunyevu. Ala ya ngozi naiweka kando, na ndani ya sefu natia vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Nikishamaliza kupaka mafuta siishiki tena kwa vidole vitupu, naishika kwa kitambaa. Kwa hiyo, dada, mume anayeipangusa bastola yake kila wiki katika mji huu anaitunza inavyotakiwa. Mwenye bastola ambaye haigusi mwaka mzima ndiye wa kumtilia shaka, kwa sababu siku akiihitaji hajui itafanya nini.

Sasa nije kwenye hofu yako, ambayo siidharau hata kidogo. Patasi ya baba ilikuwa haiwezi kumuua jirani aliyelala upande wa pili wa ukuta. Hii inaweza. Mapenzi yenyewe hayana neno, lakini yana mahali pake, na mahali hapo ni bastola tupu ndani ya chumba kilichofungwa. Makosa niliyafanya mwenyewe, nayo nakueleza yote mawili.

La kwanza ni la mpangilio. Ukitaka kuhakikisha bastola haina risasi, kwanza unaitoa magazini, lile kasha la risasi ndani ya mpini, ndipo unavuta slaidi risasi iliyomo kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu, iruke nje. Jumapili moja nimechoka, nilianza kwa slaidi. Risasi ikaruka, nikaridhika, nikaiachia slaidi ikarudi. Lakini magazini ilikuwa bado imo, kwa hiyo slaidi iliporudi ilisukuma risasi nyingine ndani ya chemba. Ndipo nikaitoa magazini, nikaamini nimeshika chuma kitupu. Ceska hufunguliwa kwa kuirudisha slaidi nyuma kidogo hadi alama mbili ndogo za nyuma zilingane, moja ya slaidi na moja ya fremu, kisha unasukuma pini ya pembeni ikatoka. Nilivuta kupita kiasi kwa bahati, na ile risasi ya pili ikaanguka juu ya kitambaa mbele yangu. Nilikaa naitazama mpaka magharibi ikaadhiniwa. Mtutu wakati wote ulikuwa umeelekea ukuta wa jikoni. Na wenye Glock, bastola ya aina nyingine, wanisikilize hapa: ile ya kwenu, kabla ya kuitoa slaidi, lazima muivute triga, yaani kifyatulio, kwanza. Kosa langu hilo hilo kwa Glock lingekuwa mlio. Muulize mumeo ni ya aina gani. Si siri, ni mke wake.

Siku hizi natoa magazini, navuta slaidi mara tatu, naifunga wazi, naangalia chemba kwa tochi, kisha naingiza ncha ya kidole cha mwisho kuhisi shimo. Macho hudanganywa na mazoea, kidole hakidanganywi. Risasi zote zinakwenda chumba kingine kabla sijakaa. Kwenye meza ya kuipangusa hakuna risasi hata moja.

Kosa la pili liliniuma zaidi. Nilikuwa siufungi mlango kwa ufunguo, naurudisha tu. Mwanangu alikuwa na miaka mitano. Jioni moja namwona sebuleni ameshika rimoti ya televisheni kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo, na kidole chake cha shahada kimenyooka ubavuni mwa rimoti, hakikukunjwa. Hivyo ndivyo ninavyoshika mimi. Hakuna katuni inayomfundisha mtoto kunyoosha kidole nje ya triga. Alikuwa amenitazama kupitia ufa wa mlango, Jumapili ngapi sijui. Miguu iliniishia nguvu. Sikumgombeza, kosa halikuwa lake. Kesho yake nilitia komeo jipya mlangoni na nikabadilisha nambari ya sefu, kwa sababu aliyeona mikono yangu ameona na vidole vyangu vikibonyeza. Sheria yetu ya silaha hapa Kenya, Sura ya 114, inamtaka mwenye leseni aihifadhi pasipofikiwa na asiye na ruhusa. Mimi nilidhani sefu imemaliza kazi hiyo. Haikuwa imeimaliza.

Kwa hiyo usiitazame saa yake moja. Tazama yaliyo kando yake. Bastola inatoka kwenye sefu au kwenye droo ya kitanda? Risasi ziko wapi wakati anaishika? Anaishika akiwa mtulivu mchana, au ni usiku baada ya mkwaruzano, baada ya pombe, baada ya miraa ya kukesha? Anawatolea shemeji na majirani waione wakija kula? Mimi niliwahi kuitoa siku ya Idi kumwonesha mgeni, na ukimya wa mke wangu mezani ulinitosha. Mwenye kuipiga picha akaiweka kwenye WhatsApp, huyo haipendi bastola, anapenda kutazamwa, na anawaambia wezi nyumba gani waingie. Na kama atakuja kuitoa wakati wa kukuonya au kukunyamazisha, hata kama ni tupu, hata kama hasemi kitu, ameiweka tu mezani wakati mnazungumza, hapo usingoje Jumapili nyingine. Toka, nenda kwa watu wako, na upige ripoti.

Liko moja zaidi na naomba ulisome mara mbili. Kama ameanza kukaa nayo baada ya msiba, au biashara kuanguka, au madeni, na saa moja imekuwa saa tatu, na kitambaa na mafuta havipo mezani, basi hapangusi kitu. Rafiki yangu wa shabaha alifikia hapo baada ya kufiwa na mkewe. Yeye mwenyewe alitupigia simu, tukamfuata watu wawili, tukaipeleka silaha kituoni ikahifadhiwa, na tukalala kwake zamu kwa zamu wiki mbili. Yuko hai, na bastola hakuitaka tena kwa muda mrefu. Usione haya kumwita kaka yake au imamu au mwenzake wa klabu. Leseni hupewa mtu aliye timamu, ndiyo maana tukapimwa akili kabla ya kupewa, lakini mtu hupimwa siku moja na maisha yanaendelea.

Kwa ulivyoeleza, mwenzako ni mtu wa kitambaa na mafuta. Jumapili hii usimkatize katikati. Ngoja kabla hajaanza, umwambie, "Baba fulani, nionyeshe chemba." Akiwa anaipenda kweli, atafurahi kuliko unavyodhani, kwani hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwache akueleze, akuoneshe ile alama ya kulinganisha au chochote kilichomo kwenye yake, na wewe uingize kidole uhisi shimo tupu. Huhitaji kuipenda.

Mke wangu mpaka leo haipendi. Ila ana desturi yake: baada ya alasiri hugonga mlango mara tatu akauliza, "Iko tupu?" Namjibu, "Tupu, njoo." Nafungua komeo, anaingia na kahawa, anasukuma kitambaa pembeni apate pa kuweka kikombe, na hukaa hapo tukazungumza habari za duka huku mimi nakausha mtutu.